Vitabu vya picha vya kuwaenzi askari wenyeji wa asili: maana yake

Kitabu cha picha cha kuwaenzi askari wenyeji wa asili ni kitabu cha watoto, aghalabu chenye kurasa 32 hivi, ambamo michoro na maneno machache husimulia kwa pamoja habari za mtu wa jamii ya wenyeji wa asili aliyepigania nchi ambayo haikumhesabu kuwa raia kamili. Vitabu hivyo hutoka zaidi Australia, Kanada na Marekani, nchi ambazo walowezi walizijenga juu ya ardhi ya watu waliokuwapo kabla yao. Kinachovitofautisha na vitabu vingine vya vita ni kwamba hubeba habari mbili kwa wakati mmoja: utumishi wa askari huyo, na jinsi utumishi huo ulivyopuuzwa. Kitabu kinachosimulia habari ya kwanza na kuiacha ya pili ni hadithi ya ushujaa, na pengine ni hadithi nzuri, lakini kwa maoni yangu hakimo katika kundi hili.

Australia inatoa mfano ulio wazi. Sheria ya Ulinzi ya nchi hiyo, kama ilivyorekebishwa mwaka 1909, iliwaondoa katika wajibu wa kijeshi watu ambao asili yao kwa sehemu kubwa haikuwa ya Ulaya, na vita vilipozuka mwaka 1914 kanuni za namna hiyo zilitumiwa kuwakataa Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, waliojitokeza kujiandikisha. Baadhi walirudi nyumbani. Wengine walikwenda kujaribu kituo kingine ambako ofisa hakuuliza sana, au walijitaja kuwa watu wa taifa jingine. Mwaka 1917, askari walipozidi kupotea kule Ufaransa, na wananchi wakiwa wameshakataa kwa kura ya maoni watu kulazimishwa kwenda vitani, masharti yalilegezwa kidogo: mwenye mzazi mmoja wa asili ya Ulaya aliweza kupokewa, mradi daktari wa jeshi aliyempima ameridhika kwamba ndivyo ilivyo. Vita vilipokwisha, zaidi ya wenyeji wa asili 1,000 walikuwa wametumikia katika jeshi la Australia.

Ndani ya jeshi hilo walipata jambo ambalo uraiani hawakulijua. Mshahara ulikuwa shilingi sita kwa siku, sawa na wa askari mweupe, na mahandaki yalikuwa yale yale. William Rawlings na Harry Thorpe, Waaborijini wawili wa jimbo la Victoria, walitunukiwa kila mmoja nishani ya ushujaa, wakafa siku moja, tarehe 9 Agosti 1918, na wamezikwa katika makaburi mamoja ya kijeshi huko Ufaransa. Waliobahatika kurudi walikuta usawa ule umeachwa ng'ambo. Mpango wa serikali wa kuwapa mashamba wanajeshi waliorudi uliwafikia wachache mno miongoni mwao, na vilabu vingi vya maveterani havikuwapokea, ama viliwapokea siku ya Anzac peke yake, yaani tarehe 25 Aprili, ambayo ndiyo siku ya taifa ya kuwakumbuka wapiganaji. Huko Coranderrk, Victoria, ardhi iliyokuwa hifadhi ya Waaborijini iligawiwa maveterani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa haikuwafikia wote hadi mwaka 1962.

Sasa tukitazame kitabu kimoja kwa karibu. Alfred's War kimeandikwa na Rachel Bin Salleh na kuchorwa na Samantha Fry, na kilitolewa mwaka 2018 na Magabala Books, shirika la uchapishaji la wenyeji wa asili lililoko Broome, Australia Magharibi. Alfred ni kijana aliyejeruhiwa Ufaransa na kurudishwa kwao kwa meli. Hapokewi kwa heshima ya mwanajeshi, wala hapati msaada ambao serikali iliwapa wenzake weupe. Anaishi peke yake akitembea njia za mashambani, furushi lake mgongoni na kikopo cha kuchemshia chai kikining'inia, akifanya kibarua popote anapokipata. Milio ya bunduki ingali inamrudia kichwani, pamoja na minong'ono ya askari wanaosali. Kila mwaka, siku ya Anzac inapofika, anatembea hadi mji ulio karibu, anasimama nyuma ya watu waliokusanyika, na kuwakumbuka kimya kimya rafiki zake waliouawa.

Hadithi haina vita vikubwa, wala jenerali, wala nishani mwishoni, na hapo ndipo nguvu ya aina hii ya kitabu inapoonekana. Mtoto wa miaka saba hawezi kusomewa kifungu cha sheria ya mwaka 1909 akakielewa. Lakini akioneshwa mtu aliyepigana vita akisimama nyuma ya watu ambao hawakwenda vitani, ataona mara moja kwamba mambo hayako sawa, na atauliza kwa nini hakuitwa mbele. Mchoro umemfikisha kwenye swali ambalo mwalimu angehitaji somo zima kulifikia. Maandishi machache nayo yana faida yake, kwa kuwa mwandishi hana nafasi ya kuufunika udhalimu kwa maelezo marefu.

Si kila kisa kinaishia hivyo. Marekani kuna vitabu vya picha kuhusu Wanavajo, jamii mojawapo ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliotumia lugha yao kutunga msimbo wa siri wa kijeshi dhidi ya Japani. Waasisi wa msimbo huo walikuwa 29, mwaka 1942, na mmoja wao, Chester Nez, alikuwa amesoma katika shule ya bweni ya serikali ambako watoto waliadhibiwa kwa kusema Kinavajo. Siri hiyo ilifunguliwa mwaka 1968, na waasisi wale walitunukiwa nishani ya dhahabu ya Bunge mwaka 2001, wengi wao wakiwa wameshafariki. Kisa hiki ni rahisi kukisimulia vibaya. Mwandishi akikimbilia nishani, mtoto atafunga kitabu akiamini kwamba deni limelipwa. Akiipa shule ile ya bweni kurasa zinazoistahili, mtoto ataelewa kwamba lugha iliyoliokoa jeshi ilikuwa lugha ambayo dola ile ile ilitaka kuifuta.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatakuwa mgeni katika habari hizi, kwa sababu dola ya Uingereza, iliyopigana kule Ufaransa, ndiyo iliyowachukua askari na wapagazi wa huku kupigana na Wajerumani. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonesha askari mmoja ameshika bunduki, bila orodha ya majina ya waliokufa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao wakitoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mpagazi aliyebeba shehena ya jeshi porini hadi akafa kwa homa au kuhara damu anastahili kitabu cha picha kama anavyostahili Alfred, na nasema hivi kwa moyo wote.

Jambo la mwisho katika maana ya vitabu hivi linahusu nani anasimulia. Katika jamii nyingi za Waaborijini, kutaja jina la marehemu au kuonesha picha yake kunaweza kuwaumiza ndugu zake, kwa hiyo vitabu na filamu nyingi za Australia hutanguliza onyo kwa wasomaji na watazamaji wa jamii hizo. Mwandishi makini huomba ruhusa ya familia kabla ya kumtaja askari halisi, au hutumia mhusika mmoja kusimama kwa niaba ya wengi. Ndiyo maana wachapishaji kama wale wa Broome wana uzito katika kazi hii: mashirika yao ni ya jamii hizo hizo, na wanajua ni mzee gani wa kuulizwa kabla mchoraji hajaanza kazi.