Parasetamoli: Siku ya Kimya Ndiyo ya Kuogopa

Jino likiuma usiku wa manane, mtu hahesabu vidonge. Anameza viwili vya parasetamoli, baada ya saa mbili viwili tena, alfajiri vingine. Asubuhi anapita duka la dawa kununua dawa ya mafua, na hiyo nayo ina parasetamoli ndani. Haoni kosa lolote, kwa kuwa kila mara amemeza viwili tu.

Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya humeza kimoja au viwili, akapisha saa 4 hadi 6, na katika saa 24 asivuke vidonge 8, yaani gramu 4. Anayekunywa pombe kila siku, mwenye ugonjwa wa ini, mwenye uzito mdogo sana au aliyeshinda siku kadhaa bila kula vizuri aulize kwanza, maana kiwango chake huwa chini ya hapo. Ukifuata kipimo, hii ni dawa nzuri, na haiumizi tumbo kama aspirini. Upole huo ndio umefanya watu waimeze kama pipi.

Sehemu kubwa ya parasetamoli huvunjwa na ini ikatoka kwenye mkojo bila madhara. Sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu, lakini ini lina akiba ya kemikali iitwayo glutathioni ambayo huidhibiti mara moja. Dozi ikizidi, sumu huwa nyingi, akiba inakwisha, na seli za ini zinaanza kufa.

Kinachonitisha zaidi ni ukimya wake. Siku ya kwanza mgonjwa anaweza kupata kichefuchefu na kutapika, au asihisi chochote. Siku ya pili pengine anajiona amepata nafuu, ilhali vipimo vya damu tayari vinaonyesha ini linaharibika. Maumivu chini ya mbavu za kulia huanza kipindi hicho. Kufikia siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya manjano, damu haigandi vizuri, mgonjwa anachanganyikiwa. Wengine hufikia hatua ya kuhitaji kupandikizwa ini.

Dawa ya kuzuia madhara haya ipo. Inaitwa N-asetilisisteini, nayo hulirudishia ini akiba yake. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu vidonge vimezwe, ingawa hata aliyechelewa asibaki nyumbani. Kwa hiyo msingoje dalili, wala msipoteze muda kwa maziwa au kumtapisha mtu.

Kwa watoto, kosa hutokea kwenye kijiko. Vijiko vya jikoni havilingani, na chupa za dawa ya maji hazina nguvu moja: kuna ya miligramu 120 kwa mililita 5, na kuna ya 250. Dozi hupangwa kwa uzito wa mtoto, hivyo tumieni kipimo kilichokuja na chupa. Muandike pia saa aliyopewa, ili bibi asimpe tena dozi ambayo mama ameshampa.

Aliyemeza vingi kwa makusudi asiachwe peke yake, na asigombezwe. Mpelekeni hospitali hata akisema yuko sawa. Chukueni maboksi na pakiti zote, hata tupu, mkamwambie daktari kidonge cha kwanza kilimezwa saa ngapi na cha mwisho saa ngapi.