Mwovu wa riwaya ya upelelezi hahitaji sura ya kutisha

Wengi hudhani mwovu wa riwaya ya upelelezi sharti awe na kovu usoni, sauti ya kukwaruza na ukatili unaoonekana tangu ukurasa wa kwanza. Sivyo. Mtu wa namna hiyo msomaji humshuku mapema mno, na fumbo linakufa. Mwaka 1926, katika riwaya yake moja, mwandishi Agatha Christie wa Uingereza alimfanya msimuliaji mwenyewe kuwa muuaji: daktari wa kijijini, mpole, anayeaminiwa na majirani. Hakumwandikia uongo, alimwachia aruke dakika chache tu katika maelezo yake. Ustadi ulioje! Mwandishi hodari huanza na haja ya mwovu: deni, aibu, siri anayoilinda. Kisha humkalisha sebuleni na wenzake, akimimina chai, akiulizia hali ya mgonjwa.