Watchdog haikuwa mahakama

Jirani yangu wa Kisenyi, hapa Kampala, alinunua pasi ya umeme. Siku ya tatu ikafuka moshi mkononi mwake, juu ya shati la shule la mwanawe. Aliporudi dukani, muuzaji aliichukua risiti, akaigeuza, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho: mali ikishauzwa hairudishwi. Mama wa watu akarudi na pasi yake ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, akaniambia, "Tungekuwa na kile kipindi cha BBC, huyu angenilipa leo leo."

Kipindi chenyewe ni Watchdog, kipindi cha televisheni cha Uingereza cha kutetea wanunuzi. Mengi yanayosemwa juu yake si kweli, na baadhi yanatudhuru, maana yanatufanya tukae kungoja kamera.

Watu wengi huamini kuwa Watchdog kilikuwa na uwezo wa kutoza faini na kufunga maduka. Hakikuwa nao. Silaha yake ilikuwa ushahidi: risiti, barua, tarehe, malalamiko ya watu wengi juu ya jambo moja, kisha jina la kampuni kutajwa hadharani nchi nzima ikitazama. Chukua kisa cha Hoover, kampuni ya vyombo vya umeme vya nyumbani. Mwaka 1992 kampuni hiyo ilitangaza Uingereza kwamba atakayenunua bidhaa ya pauni 100 au zaidi atapata tiketi mbili za ndege za kwenda na kurudi, kwanza Ulaya, baadaye hata Marekani. Tiketi zilikuwa na thamani kuliko vyombo vyenyewe, kwa hiyo watu walinunua mashine za kufyonza vumbi wasizozihitaji. Maombi yakafurika, na wengi wakazungushwa kwa fomu na tarehe mpaka wakachoka. Watchdog kiliishupalia habari hiyo. Lakini hakikumkatia mtu hata tiketi moja; wateja wenyewe ndio walioipeleka kampuni mahakamani, na kesi zikaendelea miaka kadhaa. Hasara ya kampuni ilikaribia pauni milioni 50.

Wapo pia wanaosema kipindi kilianzishwa na mtangazaji Anne Robinson. Yeye alikikuta. Kilianza 1980 kama sehemu tu ya kipindi cha Nationwide, kikiongozwa na Hugh Scully, kikasimama chenyewe 1985. Lynn Faulds Wood na mumewe John Stapleton walikiendesha hadi 1993, ndipo Robinson akaingia. Wala hakikuwa cha kwanza cha aina yake, kwani That's Life! cha Esther Rantzen kilikuwa hewani tangu 1973. Mwaka 2020 Watchdog kikaingizwa ndani ya The One Show, kikawa tena sehemu ya kipindi cha wengine, kama kilivyozaliwa.

Kisha kuna lile neno kwamba waandishi wetu ni waoga. Silikubali. BBC huko kwao haitegemei matangazo ya biashara. Inaendeshwa kwa ada inayolipwa na wananchi, kwa hiyo kampuni iliyoumbuliwa haina tangazo la kuondoa. Vituo vyetu vingi vinalipa mishahara kwa matangazo hayohayo. Tofauti kubwa iko mfukoni.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba Uganda mnunuzi hana sheria. Sheria ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ya 2017 inadai bidhaa iwe na ubora unaostahili kuuzwa na ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Maandishi ya chini ya risiti, uliyokabidhiwa baada ya kulipa, si hukumu ya hakimu. UNBS, shirika letu la viwango, limeundwa kwa sheria ya 1983 na lina uwezo wa kukamata bidhaa duni, ingawa kazi yake si kukurudishia fedha zako. Kwa fedha kuna utaratibu wa madai madogo, uliowekwa kwa kanuni za 2011: dai lisizidi shilingi milioni 10, na mawakili hawaruhusiwi kusimama humo, kwa hiyo unajieleza mwenyewe. Huanza kwa barua ya madai kwa yule unayemdai.

Jana jioni tulikaa barazani kwa jirani yangu tukaiandika barua hiyo: siku aliyonunua, bei, siku moshi ulipotoka. Nakala ya risiti tumeibana nyuma. Pasi bado imo ndani ya kaveera, haijaguswa na fundi, na kesho asubuhi anavipeleka vyote dukani.