Kupanda kwa ukanushi: kwa nini "I don't think" haifanani na "I don't say"

Mgeni aliyeko Lamu akimwuliza nahodha iwapo boti ya Kizingitini itaondoka asubuhi, na maji bado yamekupwa kule kwenye mkondo wa Mkanda unakopita boti, jibu atakalopata mara nyingi ni "Sidhani kama itaondoka." Tukilitazama jibu hilo kwa umbo lake tu, kinachokanushwa ni kudhani, wala si kuondoka, ni kama nahodha amesema kwamba dhana fulani haimo kichwani mwake, basi. Hata hivyo hakuna mtu gatini anayelisikia hivyo. Wote wanaelewa kwamba, kwa maoni ya nahodha, boti haitaondoka. Kikanushi kimewekwa kwenye kitenzi cha kishazi kikuu, ilhali kazi yake inafanyika ndani ya kishazi tegemezi kinachofuata.

Hali hiyo ndiyo tunayoiita hapa kupanda kwa ukanushi, na Kiingereza kinayo kama tulivyo nayo sisi. "I don't think the boat will leave" ndiyo kauli ya kawaida ya Mwingereza; "I think the boat won't leave" si kosa, lakini hubeba uzito zaidi, kana kwamba msemaji amekwisha kukata shauri. Anayehudumia wageni Shela au Malindi atafanya vyema kuizoea ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayosikika kuwa ya upole.

Jina la kupanda lina historia yake. Mwaka 1963 mwanaisimu wa Marekani, Charles Fillmore, alilieleza jambo hili kama uhamisho: kikanushi huzaliwa ndani ya kishazi tegemezi, kisha hupandishwa hadi kwenye kitenzi kilicho juu yake. Mwaka 1973 mwanaisimu Renate Bartsch akatoa maelezo mengine yasiyohitaji kitu chochote kihame, na kwa maoni yangu ndiyo yanayomfaa zaidi msomaji wa kawaida. Anayeulizwa maoni huchukuliwa kuwa ameelemea upande mmoja: ama anadhani boti itaondoka, ama anadhani haitaondoka. Akiukana upande wa kwanza, msikilizaji anabaki na wa pili peke yake. Nahodha anayejua majira ya maji kujaa na kupwa hatarajiwi kukosa maoni. Angekuwa hana, angesema hajui. Ndiyo maana pia dhana hiyo inaweza kufutwa waziwazi bila mtu kujipinga: "Sidhani kwamba itaondoka, wala sidhani kwamba haitaondoka, sina habari zake."

Je, tutajuaje kwamba ukanushi unafanya kazi chini na si juu? Kiingereza kina kipimo kizuri ambacho Kiswahili hakina, nacho ni lile swali fupi linaloning'inizwa mwishoni mwa sentensi. Sisi husema "sivyo?" au "au siyo?" kwa sentensi yoyote ile, kwa hiyo swali letu halitufunulii kitu. Mwingereza hulazimika kulijenga upya kila mara, na kwa kawaida sentensi yenye kukanusha hufuatwa na swali lisilokanusha. Sasa tazama: "I don't think the boat will leave today, will it?" Swali limeifuata boti, halikumfuata msemaji, na limekuja bila kikanushi, ishara kwamba kishazi cha boti kimehesabiwa kuwa kimekanushwa ingawa ndani yake hamna "not" hata moja. Badilisha kitenzi, nayo mambo yanageuka: "I didn't say the boat would leave, did I?" Hapa swali linamrudia msemaji mwenyewe, kwa kuwa ukanushi umebaki pale ulipotamkwa.

Kipimo cha pili kinafanya kazi katika lugha zote mbili. Kuondoka ni tendo la mara moja, na tendo la namna hiyo halikubali "until" isipokuwa limekanushwa, kama vile kwetu tunavyosema "haitaondoka mpaka maji yajae" na si "itaondoka mpaka maji yajae". Lakini "I don't think it will leave until the tide comes in" ni sentensi safi, sawa na "Sidhani kama itaondoka mpaka maji yajae." Ukiweka "I didn't say it would leave until the tide comes in", sentensi inachechemea, maana kikanushi cha kusema hakifiki chini kuiokoa "until".

Vitenzi vinavyoruhusu kupanda huku ni vichache na vinafanana tabia: "think", "believe", "suppose", "imagine", "expect", pamoja na "seem" na "want". Vyote vinahusu maoni, matarajio, mwonekano au matakwa. Vitenzi vya kusema na kusikia havimo, na tofauti hiyo si ya darasani tu. Shahidi anayesema "I didn't say he took the engine" hajasema kwamba mtu huyo hakuichukua mashine. Amekana maneno, na habari ya mashine ameiacha wazi. Mkalimani akiigeuza kuwa "Nilisema hakuichukua", amemtilia shahidi ushahidi ambao hakuutoa.

Havimo vilevile vitenzi vinavyochukulia kishazi chao kuwa kweli, kama "know", "realise", "forget" na "regret", kundi ambalo wanaisimu Paul na Carol Kiparsky walilichambua mwaka 1970. "He didn't realise that the boat had left" inatuachia boti iliyokwisha kuondoka. Ukane utambuzi utakavyo, boti hairudi.

Mpaka hapo Mswahili hana shida, kwa sababu lugha yake inamwongoza vizuri. Taabu inaanzia kwenye kiunganishi. Katika Kiswahili, kukanusha kitenzi cha kudhani mara nyingi hubadilisha neno linalofungua kishazi tegemezi: tunasema "Nadhani kwamba atafika", lakini "Sidhani kama atafika". "Kama" hiyo huashiria jambo ambalo halijathibitika, na kwa sababu hiyo huonekana pia katika "Sijui kama atafika" na "Nina shaka kama atafika". (Naacha kando ile "kama" ya mazungumzo ya pwani inayosimama badala ya "kwamba", kwa mfano "aliniambia kama watakuja", hiyo ina mambo yake.) Anayefikiri kwa Kiswahili na kusema kwa Kiingereza huivusha "kama" yake pamoja na sentensi, akasema "I don't think if he will come". Sentensi hiyo Kiingereza hakiipokei. Lazima iwe "I don't think that he will come", au bila "that" kabisa, ambavyo ndivyo wengi husema.

Sababu yake ni kwamba "if" na "whether" hufungua kishazi chenye asili ya swali, nacho huandamana tu na vitenzi vinavyoweza kubeba swali, kama "ask", "know" na "wonder". "Think" na "believe", zikiwa na maana ya kuwa na maoni, hubeba kauli tu, ziwe zimekanushwa au la. Na hapa pana jambo ambalo sarufi za shuleni hazilitaji ingawa lingewasaidia wengi: kitenzi kinachopandisha ukanushi hakikubali "whether". Kinyume chake si lazima, maana "regret" nacho hakikubali "whether" ilhali hakipandishi ukanushi.

"Doubt" ni kisa cha pekee, kwani ukanushi umekwisha kuingia ndani ya maana yake. Bila kukanushwa hukubali "whether", "if" na hata "that", kikikanushwa, shaka inaondoka na kinachobaki kwa kawaida ni "that": "I don't doubt that he will come." Kiswahili kinafanya vivyo hivyo tunaposema "Sina shaka kwamba atafika", na hapo tafsiri ya moja kwa moja haimdhuru mtu. "Know" nayo ina mtego wake. "I don't know whether he is right" ni kutojua kwa kweli, ilhali "I don't know that he is right", ikisemwa kwa sauti ya taratibu, huwa ni njia ya adabu ya kusema kwamba huafiki.

Limebaki neno "hope", ambalo kwa maana liko karibu sana na "expect" lakini halipandishi ukanushi. Mwingereza hasemi "I don't hope it rains" akikusudia kuomba mvua isinyeshe. Husema "I hope it doesn't rain", kama nasi tunavyosema "Natumai haitanyesha". Tofauti hiyo inaonekana hata katika majibu mafupi. Mgeni akiuliza iwapo safari imevunjwa, anayedhani haikuvunjwa atajibu "I don't think so", na anayetumaini haikuvunjwa atajibu "I hope not".