Nukta ya kurejesha, na gigabaiti zinazopotea machoni

Fungua diski C ya kompyuta yoyote ya Windows, teua folda zote unazoziona, kisha angalia jumla ya ukubwa wake. Tuseme ni gigabaiti 140. Sasa itazame diski yenyewe: inakwambia zimetumika 190. Hizo 50 ziko wapi? Kwa swali hili mafundi wa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, huletewa mashini na kuambiwa, "Fundi, yaniambia imejaa, na humu sina kitu ila barua na picha za harusi." Mwenye mashini keshashuku virusi. Wapo wanaokwenda moja kwa moja kununua diski kubwa zaidi. Aghalabu nafasi hiyo haikuibwa na mtu. Imeshikwa na mfumo wenyewe na programu za ulinzi, na mshikaji asiyeonekana kabisa ni nukta ya kurejesha.

Nukta ya kurejesha ni hali ya mfumo iliyohifadhiwa kama ilivyokuwa wakati fulani. Windows huiweka kabla ya kufanya jambo linaloweza kuharibika: programu mpya inaposakinishwa, sasisho linapoingia, draiva ya printa inapobadilishwa. Mambo yakienda kombo, unaurudisha mfumo ulivyokuwa kabla ya hapo. Huduma hii ilikuja na Windows ME mwaka 2000, lakini wengi wetu tuliifahamu kupitia XP, iliyotoka mwaka uliofuata.

Watu hudhani kila nukta ni nakala kamili ya diski. Lau ingekuwa hivyo, nukta mbili tu zingetosha kuijaza. Fundi cherehani akipewa gauni alipunguze hashoni gauni la pili kwa tahadhari. Huweka kando vile vipande alivyovikata, ili mwenyewe akighairi aweze kuvirudishia. Tangu Windows Vista mfumo hufanya kazi kwa namna hiyo. Nukta inapowekwa, hakuna kinachonakiliwa. Ila kuanzia hapo, kila sehemu ya diski inayotaka kuandikwa upya, maandishi yake ya zamani huchukuliwa kwanza, kilobaiti 16 kwa mkupuo, yakawekwa pembeni. Ndipo mapya yakaandikwa.

Kwa hiyo nukta huzaliwa nyepesi, ikanenepa kadiri diski inavyobadilika. Mashini ya karani anayechapa barua itakuwa na nukta ndogo hata baada ya wiki kadhaa. Mashini ya mpiga picha wa harusi, anayemimina gigabaiti za video, kuhariri na kufuta, itanenepesha nukta ndani ya siku mbili tatu, ingawa hakusakinisha programu yoyote. Anayepima uzito wa nukta huhesabu mabadiliko yote ya diski hiyo, si ya mfumo peke yake. Ndiyo sababu laptopu mbili za aina moja, zenye programu zilezile, huweza kutofautiana kwa gigabaiti nyingi na mafundi wakabaki wakitazamana.

Vipande hivyo hukaa kwenye folda iitwayo System Volume Information. Imefichwa, na hata ukiifichua haifunguki, kwa kuwa mwenye ruhusa nayo ni mfumo, wala si wewe, hata kama umeingia kama msimamizi. Ukiiuliza ukubwa wake itakujibu sifuri. Hapo ndipo hesabu ya mwanzo inapokosa kutimia.

Kuna kikomo, na kikomo ndicho kiini cha mambo yote haya. Windows XP ilitenga hadi asilimia 12 ya diski. Vista ikapanda hadi 15, jambo lililowakera wengi. Katika Windows 10 na 11 kiwango hutofautiana kati ya mashini na mashini, na nyingine hufika dukani huduma yenyewe ikiwa imezimwa. Kwa hiyo usikisie. Andika "Create a restore point" kwenye menyu ya Start, chagua diski C, kisha ufungue "Configure". Utaona mstari wa kusogeza, na chini yake kiasi kinachotumika sasa. Kwa SSD ya gigabaiti 256, mimi naona asilimia 3 hadi 5 inatosha, yaani kama gigabaiti 7 hadi 12. Kwa diski ya terabaiti moja asilimia hizohizo ni nyingi mno, punguza. Ukishusha kikomo, nukta za zamani zitajifuta zenyewe mpaka zilizobaki zitoshe.

Anayetaka kuona hesabu kamili afungue dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, aandike vssadmin list shadowstorage. Atapewa namba tatu: iliyotumika, iliyotengwa na ya juu kabisa. Ikiwa mahali pa namba ya tatu pameandikwa UNBOUNDED, maana yake hakuna kikomo chochote, na mshikaji wa gigabaiti zako umeshampata. Kuna programu za bekapu zinazoacha mlango huo wazi bila kukwambia.

Sasa jambo linalowagharimu watu kuliko nafasi yenyewe. Nukta ya kurejesha si bekapu. Inarudisha mfumo, mipangilio na programu. Haikurudishii barua uliyoifuta wala picha za mtoto. Ni kweli kwamba ukibofya folda kwa kitufe cha kulia wakati mwingine utaona matoleo yake ya awali, lakini hayo yapo leo, kesho diski ikibanwa yanafutwa kimyakimya. Tena yote yamekaa kwenye diski ileile. Laptopu ikiachwa kwenye matatu ya Kisauni, au stima ikipotea na kurudi kwa kishindo ikaiunguza diski, nukta zimekwenda pamoja na vilivyokuwamo. Nimewasikia watu wakisema "mimi nina bekapu, Windows hujiwekea." Haijiwekei.

Na kuna kinaya humo. Diski inapokaribia kujaa, nukta za kurejesha ni miongoni mwa vitu vinavyotolewa kafara mwanzo ili kazi iendelee. Mwenye diski iliyojaa pomoni, ambaye ndiye sasisho litakalomkwamia katikati, ndiye pia asiyekuwa na pa kurudi. Acha asilimia 15 hivi ya diski wazi, na mengi ya matatizo haya hutayaona.

Programu za kuzuia virusi zina ulaji wao, nao ni wa namna tatu. Kwanza ni orodha ya alama za virusi vinavyojulikana. Ya Microsoft Defender, ukiipakua nzima, hupita megabaiti 100, na programu huweka pia toleo lililotangulia ili jipya likiwa na kasoro iweze kurudi nyuma. Hiyo iache ilivyo. Pili ni kumbukumbu za ukaguzi, ambazo kwa kawaida ni ndogo, ila programu ikipatwa na kasoro huandika usiku na mchana hadi faili moja ikafika gigabaiti kadhaa. Ukikuta hali hiyo, kufuta faili ni kujidanganya. Sasisha programu au iondoe uisakinishe upya.

Tatu ni karantini. Faili inayoshukiwa haifutwi papo hapo. Hufungiwa mahali ikiwa imegeuzwa isiweze kufanya kazi. Sababu yake ni ya maana: programu hizi hukosea, na siku itakapokamata faili ya hesabu za duka ikidhani ni virusi, utashukuru kwamba haikuifuta. Kwa mpangilio wa kawaida Defender huziweka faili hizo siku 90, kisha huziondoa. Nyingine huziweka mpaka uzitoe mwenyewe, na hapo ndipo hujazana, hasa kwa anayepachika flashi za kila mteja. Zitoe kupitia programu yenyewe, kwenye orodha ya vilivyokamatwa, baada ya kuvipitia kimoja kimoja. Usiende kuifuta folda yake kwa mkono: ama itakataa, ama itakubali na programu ianze kulalamika kwamba imeharibiwa.

Hapa Mombasa laptopu nyingi ni za mitumba kutoka Ulaya au Dubai, na zimepitia mikono kadhaa, kila mkono na programu yake ya ulinzi ya majaribio ya mwezi mmoja. Zimeondolewa nusunusu, mabaki yamebaki ndani ya ProgramData, folda iliyofichwa ambamo programu huweka data zake. Watengenezaji wakubwa wa programu hizi hutoa kifaa maalumu cha kufagia mabaki ya programu yao. Tumia hicho, cha kampuni ileile. Kuwa na mbili zinazofanya kazi kwa pamoja hakukupi ulinzi mara mbili. Zitaviziana, na kila moja itajaza diski kwa taarifa kuhusu mwenzake.

Baada ya hapo zipo bekapu zenyewe, na hizi ndizo nzito kuliko zote. Huduma ya File History ya Windows hunakili faili zako kila saa na, usipoigusa, huhifadhi matoleo yake milele. Ndivyo mpangilio wake wa kuanzia unavyosema. Badilisha uiambie ihifadhi mpaka nafasi itakapohitajika, au kwa miezi michache. Anayeunganisha iPhone na kompyuta ili aiwekee bekapu naye ana folda iitwayo MobileSync kwenye diski C, na simu yenye picha nyingi huweza kuacha humo makumi ya gigabaiti. Simu aliyoiuza mwaka juzi bado imo. Zifutie ndani ya iTunes au programu ya Apple Devices, panapoonyesha jina la simu na tarehe. Kwa wenye Mac, kile kinachoitwa "System Data" mara nyingi kina nakala za Time Machine, huduma ya bekapu ya Mac, zilizowekwa ndani ya mashini. Hizo hudumu kama saa 24 na hujiondoa nafasi ikihitajika, kwa hiyo usishughulike nazo.

Mengine nayapitia haraka. Folda ya Windows.old ni mfumo wako wa zamani baada ya kupanda toleo. Wengi waliipata walipohama kwenda Windows 11, kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Hujifuta baada ya siku 10, na ikibaki, itoe kwa Disk Cleanup, programu ya Windows ya kusafisha diski. Faili ya hiberfil.sys ni ya kuilaza mashini (hibernate). Huchukua diskini nafasi sawa na takriban asilimia 40 ya RAM, na usipoitumia huduma hiyo, amri ya powercfg /h off huiondoa. WinSxS, folda ambamo Windows huweka vijenzi vyake, inaonekana kubwa kuliko ilivyo, sababu faili zilezile huhesabiwa mara mbili. Usiiguse kwa mkono hata kidogo. Na ile SSD ya 256 inayoonyesha 238 haina kilichopotea: muuzaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Disk Cleanup ina kichupo cha mwisho kinachofuta nukta zote isipokuwa ya karibuni. Ni njia salama unapobanwa. Lakini ukibofya "Clean up system files", usitie alama kila kisanduku kwa haraka. Katika baadhi ya matoleo folda ya Downloads imo kwenye orodha hiyohiyo, na wengi wetu tunaigeuza Downloads kabati la vyeti.

Utakutana pia na ushauri wa kutumia amri ya kufuta nukta zote kwa mkupuo, vssadmin delete shadows. Inafanya kazi. Ila ujue kwamba WannaCry, ile programu ya kuteka faili iliyozagaa duniani Mei 2017, iliitumia amri hiyohiyo ili aliyetekwa asiwe na pa kurudi. Kwa ajili hiyo programu nyingi za ulinzi sasa huishtukia. Ukiandika amri hiyo na dirisha jekundu likatokea, programu yako haijaharibika, imekudhania mwizi. Kushusha kikomo kwenye ule mstari wa kusogeza hufanya kazi ileile bila kelele.

Kwenye saiba mambo ni tofauti. Mashini za pale mara nyingi zina programu inayozirudisha zilivyokuwa kila zinapozimwa na kuwashwa, hivyo nukta za kurejesha hazina kazi. Mwenye saiba akiizima huduma ya nukta kabisa hakosei. Na ile folda ya System Volume Information ambayo wateja huikuta kwenye flashi baada ya kuchapisha, wakarudi kulalamika kwamba wametiliwa virusi, huwekwa na Windows yenyewe kuanzia toleo la 8. Ndani yake kwa kawaida mna faili mbili ndogo, IndexerVolumeGuid na WPSettings.dat, ambazo kwa pamoja hazifiki hata kilobaiti moja. Ukiifuta, itarudi flashi itakapochomekwa tena.