Namba tasa 2,147,483,647 ilivyothibitishwa bila kompyuta

Andika 2 mara 31, uzizidishe zote pamoja (2 × 2 × 2 na kuendelea), kisha toa 1. Jibu ni 2,147,483,647, na namba hiyo ni tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, mwaka 1772.

Njia ya shuleni ni kujaribu kila namba tasa mpaka kufikia kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushee. Kupita hapo hakuna haja, maana kigawo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo. Lakini namba tasa zilizo chini ya 46,340 zinakaribia 4,800. Nani ana subira hiyo?

Euler aliuliza swali jingine: kama kigawo tasa kipo, kitakuwa cha namna gani? Ukigawa 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kigawo hicho, mabaki yatajirudia kila baada ya hatua 31. Kanuni ya Fermat, mwanahisabati Mfaransa, inasema mzunguko kama huo lazima ugawe kamili kigawo chenyewe kikitolewa 1. Kwa hiyo kigawo kikigawanywa kwa 31 kitabakiza 1. Sharti la pili: kikigawanywa kwa 8, kibakize 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti yote mawili, kigawo kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63.

Hapo mzigo unapungua ghafla. Idadi ya namba zinazobaki haizidi 373, na nyingi zinaanguka zenyewe: 63 na 249 zinagawanyika kwa 3, 497 kwa 7. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Gawa, utapata 6,905,092 na baki 35. Inayofuata ni 1,303, nayo inabakiza 226. Katika orodha yote, hakuna hata moja inayogawa kamili. Kwa maoni yangu, mwanafunzi akifanya migawanyo hii miwili kwa mkono ataelewa zaidi kuliko kukariri fasili ya namba tasa.

Waandishi wa programu wanaijua namba hii kwa sababu nyingine: ndiyo kikomo cha juu cha namba kamili yenye alama (inayoweza kuwa chanya au hasi) inayohifadhiwa katika biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Kwa kazi hiyo utasa wake hauna maana yoyote. Unakuwa na maana katika kuzalisha namba za kubahatisha. Anza na 1, zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, chukua baki, rudia. Utapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, utapitia kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 bila kurudia hata moja, ndipo urejee kwenye 1.

Njia hii inafaa kwa michezo ya kompyuta na majaribio ya kitakwimu. Kwa nywila usiitumie kabisa: anayeona namba moja tu anaweza kukokotoa zote zinazofuata.