Ini hupokea amri: kwa nini albumini hushuka mtu anapougua

Majibu ya maabara yakionyesha albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, imeshuka, wengi husema mgonjwa hali chakula vizuri. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwa mgonjwa mwenye maambukizi makali, sababu kubwa huwa ni nyingine: sehemu ya albumini huvuja nje ya mishipa ya damu, na ini lenyewe limeamriwa kupunguza kuitengeneza ili lishughulikie protini za dharura.

Siku za kawaida, ini la mtu mzima hutengeneza takriban gramu 10 hadi 15 za albumini kwa siku. Albumini huzuia maji yasitoke ovyo kwenye mishipa, na hubeba dawa, homoni na asidi za mafuta. Homoni ndizo zinazoongoza kazi ya ini ya kutengeneza protini. Insulini huijulisha seli ya ini kuwa chakula kimeingia, ijenge. Homoni ya ukuaji huifanya itoe homoni iitwayo IGF-1, ambayo husaidia mifupa ya mtoto kurefuka. Estrojeni huongeza protini inayobeba homoni za tezi ya thairoidi. Ndiyo maana mjamzito akipimwa jumla ya homoni hizo huonekana anazo nyingi, ingawa tezi yake haina tatizo.

Sasa bakteria waingie mapafuni. Chembe za kinga zinazokutana nao hutoa saitokini, yaani protini za kupeleka ujumbe, na iliyo na sauti kubwa zaidi kwa ini ni intaleukini-6. Hufika na damu, hushika kipokezi kwenye utando wa seli, kisha protini iitwayo STAT3 huamshwa, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za dharura. Kotisoli, homoni ya msongo, huikuza amri hiyo. Jambo hili hunivutia kila ninapolifundisha: homoni tunayoijua kwa kutuliza kinga, ndani ya ini hushirikiana nayo.

Protini ya dharura inayopimwa sana ni CRP. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis, New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Huanza kupanda saa chache baada ya amri kufika, hufikia kilele kwa takriban siku mbili, na yaweza kuongezeka hata mara 1,000. Uzalishaji ukikoma, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Ndiyo sababu daktari huirudia kuona kama matibabu yanafanya kazi. Albumini hukaa mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo haifai kwa kazi hiyo.

Amri hiyo hiyo ya intaleukini-6 huongeza hepsidini, protini inayofungia madini ya chuma ndani ya seli. Bakteria hukosa chuma, lakini uboho, unaotengeneza chembe za damu, nao hukikosa. Ugonjwa ukidumu miezi, mtu hupungukiwa damu huku ghala lake la chuma limejaa, na kumpa vidonge vya chuma pekee husaidia kidogo.

Zipo dawa zinazoziba kipokezi cha intaleukini-6, mfano tosilizumabu kwa wenye baridi yabisi. Aliyetumia dawa hii CRP yake hubaki chini hata akiwa na maambukizi, kwa kuwa ini halijasikia amri. Amweleze kila daktari anayemhudumia kuwa anaitumia, na homa au kikohozi chake kichunguzwe hata kama kipimo hicho ni safi.